Saba au Nane

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua saa mbili kasorobo. Mvua. Mezani pasi mbili, redio ya mzee mmoja wa Busale, simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Pasi ya kwanza imekwisha kabla ya chai.

Hadi saa nne wameingia watu watatu. Wawili hawakunitafuta mimi. "Fundi, mkweo yupo?" Mmoja ameuliza huku ameegemea meza yangu, meza niliyoipiga randa mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita. Nikamwonyesha njia ya uani. Jikoni ndiko mafundi wanakopatikana siku hizi.

Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halina msomaji. Namwonea wivu mkamwana wangu.

Maji yaliingia nyumba yao ya Bujonde mwezi uliopita, mwanangu Lusajo akamleta mkewe hapa mpaka nchi ikauke. Sawa, nyumba ni kubwa. Hakunieleza kwamba huyo Bupe anakuja na mkoba wa bisibisi. Kumbe alisomea kompyuta chuoni Mbeya. Mimi nilisomea kwa kubomoa redio ya baba na kuchapwa.

Na kugombana naye siwezi. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Vijana wengi wameacha, yeye hajaacha. Nikitaka kwenda chooni nakohoa kwanza, nikifika uani nakuta sufuria inachemka peke yake. Wiki tano tuko boma moja, namjua kwa ncha ya kitenge tu. Hata kosa la kumlalamikia hanipi.

Mchana amefika Mwalimu Gwakisa kutoka Matema. Rafiki yangu tangu tukiwa na kaptula. Ameleta laptop yake imefungwa kwenye nailoni mbili. Haiwaki. Bati lilivuja, maji yakaingia. Mkewe alisikia kwamba mchele unanyonya maji. Lakini mwanamke gani wa huku atafukia laptop kwenye mchele? Mchele una harufu yake na wanunuzi wake. Akaifukia kwenye gunia la mpunga. Siku nne.

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. Humo ndani kuna maneno yake ya Kikisi, lugha ya kwao Matema, kazi ya miaka kumi na moja. Majina ya samaki, ya pepo za ziwa, ya kila sehemu ya chungu. Madaftari aliyoanzia yaliliwa na mchwa. Wazee waliompa maneno hayo wengi tumeshawazika. Nakala nyingine hana. Nilimgombeza kwa hilo, kisha nikamwambia aniachie.

Hakuuliza habari za mkamwana. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jumanne, 11 Machi

Nimeifungua. Skrubu kumi na moja. Ndani makapi, vumbi la mpunga, punje nzima tatu. Nimesafisha kwa brashi ya rangi na spiriti. Nusu siku.

Chaja nzima, nimeipima kwa mita. Betri imelala. Nikibonyeza kitufe hakuna taa.

Jambo baya: ni laptop ya bei ndogo. Kumbukumbu yake si ya kuchomoa na kuhamishia mashine nyingine. Imelehemiwa kwenye bodi. Bodi ikifa, maneno ya Mwalimu yamekufa nayo.

Jioni Lusajo amerudi kutoka kazini, akala, akasimulia mkewe amefufua kompyuta ya katibu kata kwa dakika kumi. Dakika kumi. Alizihesabu yeye? Nikasema chakula hakina chumvi. Chumvi ilikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipata! Tundu la chaja lilikuwa limeota kutu ya kijani chini kabisa, pale mtu asipotazama. Nikalitoa, nikalehemu jingine kutoka mashine mfu. Taa ikawaka. Nikapiga meza kofi. Natumaini jikoni walisikia.

Furaha ya dakika moja. Kioo cheusi. Kisha mashine ikaanza kulia. Pi, pi, pi, inanyamaza, inarudia. Ndiyo lugha yake. Mashine isiyoweza kuonyesha kitu inataja ugonjwa kwa idadi ya milio.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saba. Nikafungua daftari langu la zamani nililonakili orodha ya kampuni ile. Saba ni prosesa.

Nimekaa bila kufanya kitu mpaka saa kumi. Prosesa haibadilishwi kwenye mashine hii, si Kyela, si Mbeya.

Mama Lusajo amekuja kuuliza laptop ni ya kampuni gani. Nikamjibu. Baadaye nikajiuliza tangu lini mke wangu anajali kampuni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Mwalimu. Nimemwambia prosesa imekufa. Akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia kuna dawa moja ya mwisho. Kuipasha prosesa kwa bloa ya hewa ya moto hadi risasi ya kulehemu iliyo chini yake ilainike, pengine ikashika tena. Mara chache hupona. Mara nyingi bodi nzima huungua. Akasema, "Fanya unavyoona, Fundi. Mimi nakuamini wewe." Nimesema nitaifanya Jumamosi, umeme ukiwa umetulia.

Saa saba mke wangu ameleta ugali na ujumbe. Ameuweka ujumbe mezani kwanza.

"Mke wa Lusajo anasema milio ni minane. Si saba."

Nikamuuliza mke wa Lusajo ameionea wapi laptop yangu. Hajaiona, akasema, ameisikia. Kati ya meza yangu na jikoni kuna ukuta wa mbao tu, na tangu jana naiwasha kila saa. Anasema kwa kampuni ile nane ni kioo. Bodi ni nzima.

Miaka yote hii. Nilikuwa natambua kapasita mbovu kwa sikio, redio haijafunguliwa. Watu walitoka Karonga, wakavuka mpaka na redio kichwani kuja kwangu, kwa sababu ya sikio hili. Leo mtoto aliyezaliwa nikiwa tayari fundi ananifundisha kuhesabu akiwa anapepeta mchele.

Ugali sikuumaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeiwasha tena asubuhi kabla hawajaamka. Hakukuwa na mvua. Nimehesabu mara tano. Saba, saba, saba, saba, saba. Nimeandika hapa ili kesho nisijidanganye.

Mkuu wa shule moja ya jirani amekuja na laptop tatu. Zote za jikoni. Mama Lusajo akaja kuchukua kiti changu cha wageni ampelekee. Kiti cha wageni wangu. Nikabaki na pasi.

Nina wivu mpaka mate machungu. Namwonea wivu kwa vidole vyake ambavyo sijaviona. Namwonea wivu kwa kuwa watu wakitoka kwake wanacheka. Kwa kuwa hajivuni. Kwa kuwa Lusajo akimtaja anasimama wima, na mimi sikumbuki lini aliwahi kusimama hivyo akinitaja mimi. Mtu mzima kama mimi, mzee wa kanisa, niliyewahi kusimama mbele ya watu nikasoma habari za Kaini.

Mke wangu amesema, "Baba Lusajo, mwachie aitazame. Nitaibeba mimi, nitairudisha mimi. Hamtaonana." Nikasema laptop ya Mwalimu haitoki mezani kwangu. Akasema mbona Mwalimu hakuleta meza, ameleta maneno. Nikaitia kwenye sanduku la chuma, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni.

Nilijua ninachofanya. Hilo nalo naliandika.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya, na bado sijui kama ni mbaya au njema. Nitaandika polepole.

Mchana, saa nane. Jua kali baada ya mvua, uani wametandaza kakao ya mama mmoja jirani. Umeme umetulia. Nimetoa bodi, nimefunika sehemu nyingine kwa karatasi ya bati nyembamba, nimewasha bloa. Ina kelele nyingi. Nikaisubiri ipate moto.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Nilitamani aseme neno ili nimkaripie.

Nikashusha bloa. Kama upana wa kiganja hivi kutoka kwenye prosesa. Ndipo ukuta ukasema.

"Baba, usichome. Ni nane."

Sauti nzito kidogo, ya kike, iliyokauka, ikiipita kelele ya bloa. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Mkamwana hamsemeshi baba mkwe. Yeye, aliyenikwepa wiki tano bila kukosea hata hatua moja, amevunja mwiko kwa ajili ya maneno ya Kikisi ya mzee asiyemjua. Mke wangu alijishika mdomo. Mimi nilizima bloa, nikaiweka chini.

Jikoni hata sufuria haikugongwa.

Ningeweza kuwasha bloa tena. Niliifikiria kweli. Nilifikiria jinsi nitakavyokuwa, nikikubali. Watu watasema fundi wa redio ameishiwa masikio, mkwewe anamhesabia. Bodi ikiungua, hakuna atakayejua kama ilikuwa saba au nane. Ningemwambia Mwalimu nilijaribu, naye angeniamini. Wazo hilo lilikaa kichwani mwangu muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri, hata kwenye daftari.

Nikarudisha bodi, nikaunganisha kipaza sauti chake kidogo, nikaiwasha. Pi, pi. Saba.

Kisha nikafanya nilivyofundishwa na redio za zamani, nikaweka kidole gumba juu ya kipaza. Nikaacha kusikiliza. Nikahesabu kwa ngozi.

Nane.

Nikarudia. Nane. Mlio wa mwisho ni mwembamba, unakuja mbio nyuma ya wa saba. Kidole kinaupata. Sikio langu linauruka. Mke wangu akasema yeye pia alikuwa anasikia nane, tangu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nisingekubali kutoka kwake pia.

Ni kweli.

Nikachukua waya wa runinga, nikaiunganisha laptop na runinga ya mteja mmoja iliyokuwa dirishani. Ikawaka. Picha ya ziwa, na mbele yake mafaili ya Mwalimu yamejipanga. Nikafungua moja. Mstari kwa mstari, neno la Kikisi upande huu, Kiswahili upande ule, na jina la aliyelitoa. Mengine wenyewe niliwazika. Mke wangu alikuwa ananisomea majina kwa kuwa miwani yangu ilikuwa na ukungu.

Nimenakili yote kwenye flashi mbili. Moja nimempa mke wangu aifungie kwenye kabati la vitenge.

Prosesa ilikuwa nzima muda wote. Ningeichoma.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Mahubiri sikuyafuata. Nimekaa upande wa kushoto ili sikio zuri, la kulia, lielekee madhabahu. Nimegundua nimekuwa nakaa hivyo tangu mwaka juzi.

Mama Lusajo anasema mkamwana hajala tangu jana. Anaona aibu kwa kunisemesha. Ameomba aende kwa mama yake Bujonde, kama maji yamepungua huko. Lusajo naye ananuna, hajui amnunie nani.

Nimesema asiende. Mke wangu akaniuliza nimemaanisha nini, aende amwambieje. Nikasema amwambie baba amesema ale.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua upande wa kioo. Mkanda mwembamba wa waya unaopeleka picha, pale unapochomekwa, umekaa upande. Nikautoa kwa kibano. Chini yake kulikuwa na kapi moja la mpunga, nusu, jembamba, limejikunja. Hilo tu. Mwaka mzima watu wanapepeta makapi kama hayo, upepo unayachukua.

Nimesafisha, nimechomeka. Kioo kimewaka. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe na nimeifanya vizuri. Vidole bado vinanitii. Nimeandika hivyo kwa kuwa leo nilihitaji kuliona neno hilo.

Nimempigia Mwalimu. Sikumweleza mengi. Nimesema aje Jumatano.

Jumatano, 19 Machi

Mwalimu amekuja na samaki wakavu na chungu kipya kutoka kwa wafinyanzi wa Matema, kimefungwa majani ya migomba. Nikamwashia. Alikaa mbele ya kioo bila kukigusa. Akateremka ukurasa kwa ukurasa, midomo inacheza. Kisha akavua miwani.

Akaanza kunisifu. Anasema tangu enzi za redio za mkulima hajaona fundi kama mimi. Anasema atawaambia Matema nzima. Anasema mikono hii, na akaishika.

Nilikuwa na nafasi. Mke wangu alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa. Nyuma ya ukuta kisu kilichokuwa kinakata mboga kikasimama. Sauti hiyo niliisikia, au niliisikia kwa kutosikia kitu. Mkamwana alikuwa anangoja. Labda hakuwa anangoja chochote, labda mboga zilikwisha.

Wivu ukaniambia ninyamaze. Ulikuwa na hoja nzuri. Mkamwana hatakiwi kusifiwa mbele za wanaume. Mkamwana mwenyewe anaona aibu. Kumtaja ni kumwaibisha tena. Ningeweza kuiita heshima.

Nikasema, "Mwalimu, nilihesabu vibaya. Nusura niichome hii. Mke wa Lusajo ndiye aliyesikia."

Mwalimu akanitazama. Nikamweleza yote, pamoja na kufuli na sanduku. Nilipofika kwenye sikio nilieleza haraka. Alisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, kichwa kimeinama. Hakusema pole. Alijua nisingeitaka.

Akanyanyuka, akaenda hadi kwenye mbao, akavua kofia. Yeye si mkwe wake, anaruhusiwa. Akaushukuru ukuta kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu." Ukuta ukaitikia. Sikupata alichosema. Mwalimu alicheka. Sikumuuliza.

Ameondoka na laptop, na flashi moja ameivaa shingoni kwa uzi wa kiatu.

Uchungu wangu upo bado. Nilidhani ukisema kweli unapona palepale. Jioni mteja amekuja, ameuliza mkweo yupo, nikamwonyesha njia ya uani bila kuinua kichwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu ananiambia kuna kifaa cha sikio hospitali ya Mbeya. Nimesema tutaona. Amesema "tutaona" yangu anaijua.

Chungu cha Mwalimu kimepikiwa maharage. Matamu.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Mzee wa Busale amekuja kuchukua redio yake. Nilikuwa nimeimaliza juzi.

Saa tano amekuja binti wa duka la pembejeo na laptop iliyokataa kuwaka. Aliingia kwangu, hakuuliza habari za jikoni. Nikachomeka chaja. Taa ikawaka, kioo cheusi, ikaanza kulia.

Nikanyoosha kidole gumba kwenye kipaza. Mashine hii kipaza chake kiko ndani, chini ya plastiki nene. Kidole hakikupata kitu. Nikainama, nikageuza sikio la kulia. Nne? Tano? Binti alikuwa ananitazama. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikajifanya natafuta bisibisi.

Ikalia, ikanyamaza.

Kwenye mbao, upande wa pili, mtu akagonga kwa mwiko. Taratibu, kila pigo peke yake, la kutosha kwa sikio bovu. Mara tano.

Nikachukua kalamu, nikaandika tano.